Mtakatifu Pier Giorgio Frassati: kijana aliyewaongoza rafiki zake milimani

Jumapili ya tarehe 18 Mei 1924, kundi dogo la wanafunzi wa chuo kikuu kutoka jiji la Torino, kaskazini mwa Italia, lilipanda hadi Pian della Mussa. Hapo ni uwanda wa majani mwishoni mwa bonde la Ala, katika mwinuko wa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na juu yake vimesimama vilele vya Bessanese na Ciamarella, vyote viwili vikizidi mita 3,500. Walikuwa vijana wa kiume na wa kike. Siku hiyo, katikati ya vicheko, walianzisha chama chao wenyewe na kukiita Tipi Loschi, yaani watu wa kutiliwa mashaka. Wanachama waliitana matapeli. Kila mmoja alipewa jina la utani, na matangazo ya chama yaliandikwa kwa lugha ya kifahari kana kwamba yametoka kwenye baraza la mapinduzi. Mwanzilishi wake alijiita Robespierre, kwa jina la yule mwanamapinduzi wa Ufaransa aliyewapeleka wengi kukatwa vichwa. Jina lake halisi lilikuwa Pier Giorgio Frassati, mwenye umri wa miaka 23.

Wapendwa wasomaji, kijana huyo Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, pamoja na Carlo Acutis. Tangu hapo picha yake imeanza kuonekana katika kumbi za parokia zetu: kijana mwenye mabega mapana, amevaa buti, ameshika fimbo ya mlimani, anatabasamu. Sisi tuliokabidhiwa utume wa vijana tunaifurahia picha hiyo. Lakini tunahofu kwamba wengi wataiona na kudhani mlima ni pambo tu, jambo alilolifanya pembeni ya utakatifu wake, kama vile mtakatifu mwingine anavyochorwa na ua mkononi. Historia yake inaonyesha vinginevyo. Matembezi yale ya milimani ndiyo yaliyokaribia kumfungia njia ya kuheshimiwa altareni, na ndiyo pia yaliyomfunua alikuwa nani.

Alizaliwa Torino tarehe 6 Aprili 1901, siku ya Jumamosi Kuu. Baba yake, Alfredo Frassati, alikuwa mmiliki na mkurugenzi wa gazeti la La Stampa, mmoja wa watu wenye sauti kubwa katika Italia ya wakati ule. Baadaye alikuwa seneta, na kuanzia mwaka 1920 hadi 1922 balozi wa nchi yake mjini Berlin. Hakuwa mtu wa Kanisa. Mama, Adelaide Ametis, alikuwa mchoraji, na imani yake ilikuwa ya desturi zaidi kuliko ya moyo. Ndoa yao ilikuwa na baridi ya muda mrefu. Pier Giorgio na mdogo wake Luciana, aliyezaliwa mwaka 1902, walikua katika nyumba yenye kila kitu isipokuwa amani.

Masomo hayakumwendea vizuri. Alianguka mtihani wa Kilatini, akahamishiwa shule ya Wajesuiti, na huko akapata kitu ambacho nyumbani hakikuwapo: Komunyo Takatifu ya kila siku. Tukumbuke kwamba Mtakatifu Papa Pio X alikuwa amewahimiza waamini kupokea Ekaristi mara kwa mara mwaka 1905 tu, na katika familia nyingi jambo hilo bado lilionekana geni. Kwake likawa chakula cha kila siku hadi kifo. Mwaka 1918 alijiunga na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, akaanza kupanda ngazi za nyumba za maskini wa Torino akiwa amebeba vifurushi. Mwaka huohuo aliingia chuo cha ufundi cha jiji hilo kusomea uhandisi wa migodi, kwa sababu aliwaona wachimbaji kuwa watu waliosahauliwa, naye alitaka kufanya kazi kati yao.

Mlima ulikuwepo tangu utoto. Familia ilikuwa na nyumba Pollone, kijiji kilicho chini ya milima ya Biella, na juu ya kijiji hicho kuna patakatifu pa Bikira Maria wa Oropa. Alizoea kuamka kabla ya mapambazuko, kupanda kwa miguu hadi Oropa, kushiriki Misa, kisha kurudi nyumbani wakati wengine wakikaa mezani kwa kifungua kinywa. Alipokuwa mkubwa alijiunga na Chama cha Wapanda Milima cha Italia, na pia na Giovane Montagna, chama cha Kikatoliki kilichoanzishwa Torino mwaka 1914. Alifika vilele vya Monviso wenye mita 3,841 na Grivola wenye mita 3,969, ambako asiyejua kutumia kamba na shoka la barafu hana la kufanya.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa kuwa kuna jambo ambalo vijana wa leo hawalifahamu. Wakati ule hapakuwa na Misa ya Jumamosi jioni ya kutimiza wajibu wa Dominika. Aliyetaka kupokea Komunyo alipaswa kufunga tangu usiku wa manane, hata maji asinywe. Basi fikirini kundi linalotaka kupanda mlima siku ya Jumapili. Theluji hulainika jua likipanda, kwa hiyo lazima kuondoka alfajiri. Treni haisubiri. Wengi waliamua jambo rahisi: Misa iachwe. Giovane Montagna ilianzishwa, pamoja na mambo mengine, ili kuondoa uchaguzi huo mchungu, ikihakikisha kwamba katika matembezi yake ya Jumapili wanachama wanapata Misa. Pier Giorgio alikuwa mkali katika hilo kuliko katika jambo lingine lolote la safari. Kama Misa haikuwezekana, yeye hakwenda. Na kwa sababu kundi halikupenda kwenda bila yeye, Misa iliwezekana.

Safari zenyewe zilikuwaje? Hazikuwa za kifahari. Kutoka Torino kulikuwa na reli iliyopanda mabonde ya Lanzo hadi Ceres, na kutoka hapo mabonde yaligawanyika kuelekea mpaka wa Ufaransa. Mtoto huyu wa balozi alipanda daraja la tatu, na alipoulizwa sababu alijibu kwa mzaha kwamba daraja la nne halikuwepo. Mikobani walibeba mikate, jibini, kamba, na nyakati za baridi mbao za kutelezea kwenye theluji. Yeye mara nyingi alibeba zaidi ya sehemu yake. Waliimba, naye akiimba kwa sauti kubwa isiyo na ufundi hata kidogo, jambo lililowafurahisha wenzake kuliko uimbaji mzuri. Alivuta kiko. Usiku, katika vibanda vya wapandaji, alitoa rozari mfukoni bila kumlazimisha mtu, na wengi walisali pamoja naye.

Aliyewahi kutembea kwenye barafu ya milima ya juu anajua kanuni moja ambayo haina mjadala: watu waliofungwa kamba moja huenda kwa mwendo wa yule aliye dhaifu. Mwenye nguvu akivuta, anamwangusha mwenzake, na mwenzake akianguka ndani ya ufa wa barafu, kamba huwavuta wote. Wengi huikubali kanuni hiyo kwa sababu ya hofu. Wale waliotembea na Pier Giorgio walisimulia kwamba kwake haikuwa hofu. Alikuwa na mapafu na miguu ya kuwaacha wote nyuma, lakini jicho lake lilikuwa kwa aliyechelewa, na alijua kumsaidia bila kumwaibisha mbele ya wengine. Tunadhani hapa ndipo penye siri ya uongozi wake. Katika chama cha matapeli hakukuwa na mwenyekiti anayetoa hotuba. Palikuwa na utani, matangazo ya kuchekesha, michezo ya biliadi ambayo akishinda yeye, aliyeshindwa alidaiwa kwenda kuabudu Ekaristi Takatifu. Chini ya mzaha huo kulikuwa na jambo zito: aliwaomba rafiki zake wafungwe pamoja kwa sala, hasa pale masomo na ndoa vitakapowatawanya. Aliona mapema kwamba kundi la vijana halidumu, akataka kamba isiyokatika.

Katikati ya kundi hilo alimpenda binti mmoja. Alikuwa yatima, mwenye imani, na wa familia ya hali ya chini kuliko ya Frassati. Pier Giorgio alijua wazazi wake hawatamkubali, na alijua pia kwamba ndoa yao wenyewe ilikuwa imefika ukingoni: mgogoro mmoja zaidi ungeweza kuivunja. Akanyamaza. Hakumwambia binti huyo alichokuwa nacho moyoni, akaendelea kuwa rafiki yake kama kwa wengine. Wapo watakaosema alikosea, kwamba mtoto hana wajibu wa kuibeba ndoa ya wazazi wake. Hatutaki kulifanya jambo hili kuwa kanuni kwa vijana wetu, na tungemshauri mwingine tofauti. Lakini tunaona kilichomgharimu. Barua zake za miezi ile zinaonyesha mtu anayepambana na huzuni na kuomba sala za rafiki zake ili asishindwe nayo.

Asije mtu akadhani alipanda milimani ili kuyakimbia mambo ya bondeni. Mwaka 1920 alijiunga na chama cha siasa kilichoanzishwa na Padre Luigi Sturzo. Mwaka 1921, katika maandamano ya vijana Wakatoliki mjini Roma, aliishika bendera ya kikundi chake wakati polisi walipowashambulia, akakamatwa. Ufashisti ulipoingia madarakani aliukataa tangu siku ya kwanza, na alipoona kikundi chake cha wanafunzi Wakatoliki kimetundika bendera kumpokea Mussolini, alijiuzulu kwa maandishi. Mwezi Juni 1924, majuma machache tu baada ya siku ile ya Pian della Mussa, wafuasi wa ufashisti walivamia nyumba yao kuharibu mali, naye akawakabili kwa ngumi hadi wakakimbia. Mwaka 1922 alikuwa tayari amejiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Dominiko, akachagua jina la Girolamo kwa heshima ya Savonarola, yule mhubiri mkali wa Firenze. Robespierre na Savonarola katika kifua kimoja: bila shaka malaika wake mlinzi alikuwa na kazi.

Kuna uzi mwingine unaotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Huko Torino Pier Giorgio aliipenda sana madhabahu ya Bikira Maria Consolata, Mama wa Faraja. Gombera wa madhabahu hiyo kwa miaka yote ya maisha yake alikuwa Padre Giuseppe Allamano, ambaye naye ni mtakatifu tangu Oktoba 2024. Mwaka uleule wa 1901 alipozaliwa Pier Giorgio, Allamano alianzisha shirika la Wamisionari wa Consolata, na mwaka 1902 wamisionari wake wa kwanza walifika kati ya Wakikuyu, katika nchi inayoutazama Mlima Kenya. Mwaka 1919 walifika pia Iringa. Hivyo Mama yuleyule ambaye kijana wa Torino alipiga magoti mbele yake kabla ya kwenda milimani ndiye ambaye bibi na babu za wengi wetu walifundishwa kumwita.

Mwaka 1925 ulikuwa mwaka wa kuachilia. Mwezi Januari Luciana aliolewa na mwanadiplomasia wa Poland, akaondoka, na nyumba ikawa kimya. Baba alitaka mwanawe aingie katika uongozi wa gazeti badala ya migodi. Pier Giorgio akakubali, akiuweka kando mpango ambao kwa ajili yake alikuwa amejisukuma katika mitihani migumu kwa miaka saba. Tarehe 7 Juni, Jumapili, alipanda na wenzake kwenye miamba ya Lunelle, juu ya kijiji cha Traves. Alipigwa picha akiwa ameushika mwamba, uso ukielekea juu, na baadaye juu ya picha hiyo akaandika maneno mawili matatu ya kuelekea juu. Haukuwa mlima mkubwa. Ulikuwa wa mwisho.

Siku za mwisho za Juni alianza kuumwa kichwa na kukosa nguvu. Nyumbani hakuna aliyemjali, kwa kuwa bibi yake mzaa mama alikuwa akifariki katika chumba kingine, na macho yote yalikuwa huko. Alilaumiwa kwa kulala wakati familia iko katika shida. Bibi alifariki tarehe 1 Julai. Ilipotambulika kwamba kijana hawezi tena kusimama, madaktari waligundua ugonjwa wa polio, wa aina inayokimbia kwa kasi. Inaaminika aliupata katika nyumba za wagonjwa maskini aliowatembelea. Dawa iliagizwa kutoka Paris, lakini muda ulikuwa umekwisha. Ijumaa tarehe 3 Julai, mkono ukiwa tayari umepooza kwa sehemu, aliomba karatasi. Ijumaa ilikuwa siku yake ya kuwatembelea maskini. Kwa mwandiko uliopotoka kiasi cha kutosomeka vizuri, alimwagiza mwenzake wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti ampelekee mgonjwa mmoja sindano zake, na pia afuatilie hati ya rehani ya maskini mwingine, gharama zikiandikwa kwa jina lake. Alifariki Jumamosi jioni, tarehe 4 Julai 1925, akiwa na miaka 24.

Mazishi yalifanyika tarehe 6 Julai. Familia ilitazamia watu wa hadhi yao: waandishi, wanasiasa, marafiki wa seneta. Nao walikuja. Lakini barabara zilijaa watu ambao akina Frassati hawakuwahi kuwaona, wazee, wajane, vibarua, watoto, maelfu kwa maelfu. Ndipo wazazi walipoanza kujifunza mwana wao alikuwa nani. Nao maskini waligundua jambo lao: kijana aliyewabebea kuni na dawa alikuwa mtoto wa mwenye La Stampa. Hakuwa amewaambia. Wazazi hawakuachana. Baba, baada ya miaka mingi, alirudi katika imani.

Kesi ya kumtangaza mwenye heri ilifunguliwa Torino mwaka 1932. Kisha, katika miaka ya 1940, ikasimamishwa. Sababu? Yalizuka manong'ono kuhusu yale matembezi ya milimani: vijana wa kiume na wa kike pamoja, mbali na macho ya wazee, usiku katika vibanda. Kwa desturi za wakati ule ilitosha kuuliza swali ili jina la mtu lichafuke. Kesi ikalala kwa miongo kadhaa. Luciana hakukubali. Alitafuta mashahidi, akakusanya barua, akaandika vitabu, akawahoji wale waliokuwa wamefungwa kamba moja na kaka yake. Walikuwa sasa watu wazima, akina mama na akina baba wa familia, na walichokisimulia kilikuwa ni usafi wa moyo, sala na furaha. Kesi ilifufuliwa wakati wa Papa Paulo VI. Papa Yohane Paulo II, ambaye mwenyewe akiwa padre kijana huko Poland aliwaongoza wanafunzi wa kiume na wa kike milimani na maziwani, alimtangaza mwenye heri tarehe 20 Mei 1990. Sidhani, na wenzangu wanakubali, kwamba ni bahati tu kuwa jambo hilo lilimfikia Papa aliyejua kwa uzoefu wake mwenyewe nini hutokea, na nini hakitokei, katika safari ya namna hiyo ikiongozwa vema.

Tunaligusa hili kwa makusudi. Katika parokia zetu kila mwaka swali hili hurudi mezani: je, vijana waruhusiwe kwenda safari ya pamoja, kupanda mlima, kulala nje siku mbili? Wazazi wana hofu, na hofu yao ina sababu. Wapo pia wanaosema kwamba fedha za basi zingetosha kununulia viti vya kanisani. Hatuna jibu moja la kumpa kila paroko. Uangalizi wa watu wazima ni wa lazima, ruhusa za wazazi ni za lazima, na safari isiyo na Misa haipaswi kuitwa ya kiparokia. Lakini anayefunga mlango moja kwa moja ajue ni kijana wa namna gani aliyewahi kusimamishwa nje ya mlango huohuo.

Luciana aliishi hadi mwaka 2007, akiwa na zaidi ya miaka 100, akamwona kaka yake akiwa mwenye heri. Mwili wa Pier Giorgio ulihamishwa kutoka Pollone hadi kanisa kuu la Torino, na hapo ndipo watu wanapokwenda kusali. Muujiza uliofungua njia ya mwaka 2025 ulihusu uponyaji wa mseminari mmoja huko Marekani, aliyekuwa ameumia mshipa wa kisigino akicheza mpira wa kikapu. Sasa ni padre.

Huko Italia, Chama cha Wapanda Milima ambacho alikuwa mwanachama wake kimeweka njia za miguu zenye jina lake. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1996 huko Sala Consilina, kusini mwa nchi, na zimeenea tangu hapo katika mikoa ya nchi hiyo. Ni njia za watu wa kawaida, zinazopita kando ya vijiji, misitu na makanisa madogo, na makundi hupita humo kila majira ya joto wakiwa na viongozi wao na mikate mikobani.